Bwana Avogadro na Hesabu ya Chembe

Karibu na Kolwezi hutoka jiwe la rangi ya kijani, linalopendeza macho. Jina lake ni malakiti. Wazee wa Wasanga walilijua tangu kale. Walilichimba, wakalitia katika tanuru ya udongo pamoja na makaa, wakavukuta moto mpaka shaba nyekundu ikatiririka. Wakaimimina katika kalibu yenye umbo la msalaba. Misalaba ile ya shaba ilikuwa fedha katika nchi ya Katanga. Watu waliitumia katika biashara na katika kulipa mahari.

Wahunzi wale walijua kazi yao kwa macho na kwa mikono. Lakini mtoto mwenye kupenda kujua aweza kuuliza jambo jingine. Nikikata kipande cha shaba katikati, na nusu ile nikaikata tena, na tena, na tena, nitafika wapi? Je, hakuna mwisho?

Mwisho upo. Mwishoni hupatikana chembe ndogo kabisa, nayo bado ni shaba. Ukiivunja hiyo, si shaba tena. Chembe hiyo huitwa atomu. Ni ndogo mno, wala hakuna jicho liwezalo kuiona. Kipande cha shaba kinachoenea katika kiganja cha mtoto kina chembe nyingi kuliko mchanga wote uliomo katika mto Lualaba. Nani basi ataweza kuzihesabu?

Njia ya kuzihesabu ilifunguliwa na mwanasheria mmoja wa Italia, mtu mpole asiyependa makuu. Watu wa siku zake hawakumsikiliza, naye akafa kabla hawajamsikiliza. Hizi ndizo habari zake.

Amedeo Avogadro alizaliwa tarehe 9 Agosti 1776 katika mji wa Torino, upande wa kaskazini wa Italia. Siku zile Italia haikuwa nchi moja. Iligawanyika katika falme nyingi, na Torino ulikuwa mji wa mfalme wa Sardinia. Baba yake, Filippo, alikuwa mtu wa cheo, mwenye kazi kubwa katika mambo ya sheria. Ukoo wao ulikuwa wa wanasheria tangu zamani. Hata jina la Avogadro latokana na neno la Kilatini la mtu anayetetea wengine mbele ya hakimu.

Mtoto akafuata njia ya baba. Akasoma sheria, na zaidi sheria za Kanisa, na mwaka 1796, akiwa kijana wa miaka kama 20, akapewa cheo cha daktari wa sheria hizo. Akaanza kazi. Angeweza kukaa katika kazi ile mpaka uzee, akala vizuri na kuheshimiwa. Lakini moyo wake ulivutwa mahali pengine. Yapata mwaka 1800 alianza kujifunza hesabu na fizikia kwa bidii yake mwenyewe. Mwaka ule ule mtu mwingine wa Italia, Alessandro Volta, alikuwa ametengeneza chombo cha kwanza cha kutoa umeme usiokatika, yaani mama wa betri zote. Wataalamu wa Ulaya walikuwa wakiuzungumza umeme kila mahali, na Avogadro pia. Mwaka 1803 yeye na ndugu yake Felice wakapeleka maandiko yao juu ya umeme kwa wataalamu wa Torino. Miaka michache baadaye aliiacha kazi ya sheria, akawa mwalimu. Tangu mwaka 1809 akafundisha katika shule kubwa ya Vercelli, mji mdogo uliozungukwa na mashamba ya mpunga.

Huko Vercelli ndiko alikofanya kazi yake kubwa. Hakuwa na vyombo vingi wala wasaidizi. Alisoma maandiko ya wengine, akakaa, akafikiri.

Siku zile palikuwa na fumbo lililowasumbua wataalamu wa kemia. Tunajua kwamba maji si kitu kimoja. Ni hewa mbili zilizoshikana, haidrojeni na oksijeni. Hewa za namna hii wataalamu huziita gesi. Mfaransa mmoja, Gay-Lussac, alikuwa amepima gesi hizi kwa uangalifu mwingi, na mwaka 1808 alitangaza aliyoyaona. Ukichukua vyombo viwili vya haidrojeni na chombo kimoja cha oksijeni, vyote vya ukubwa mmoja, ukaziunguza pamoja, utapata mvuke wa maji. Mvuke huo hujaza vyombo vingapi? Mtu angesema vitatu, maana viwili na kimoja ni vitatu. Sivyo. Mvuke hujaza vyombo viwili tu.

Avogadro akalitafakari jambo hili. Mwaka 1811 akaandika jibu lake kwa Kifaransa, katika gazeti la wataalamu lililochapwa Paris. Alisema mambo mawili.

La kwanza ni hili. Vyombo viwili vya ukubwa mmoja, vyenye joto moja na mkandamizo mmoja, vina chembe sawa kwa hesabu, hata kama gesi zilizomo ni mbalimbali. Chombo cha haidrojeni kikiwa na chembe elfu, chombo cha oksijeni nacho kina chembe elfu.

La pili, chembe ya gesi yaweza kuwa atomu zaidi ya moja zilizoshikana. Chembe ya namna hii twaiita molekuli. Katika oksijeni atomu hukaa mbili mbili, na katika haidrojeni vivyo hivyo, kama watoto wa shule wanaokwenda kwa mstari wawili wawili wakishikana mikono.

Sasa tazama jinsi fumbo linavyofunguka. Tuseme chombo kimoja cha oksijeni kina jozi 100. Basi vyombo viwili vya haidrojeni vina jozi 200. Moto ukiwaka, kila jozi ya oksijeni huachana mikono, ikatoa atomu 2. Jozi 100 hutoa atomu 200. Kila atomu ya oksijeni hushikana na jozi moja ya haidrojeni. Yatokea makundi 200 ya watatu watatu, haidrojeni wawili na oksijeni mmoja. Kila kundi ni chembe moja ya maji. Na ikiwa jozi 100 zilijaza chombo kimoja, makundi 200 yatajaza vyombo viwili. Hesabu imetimia, haikuzidi wala kupungua.

Katika fikira hii mlikuwa na hazina nyingine. Chukua vikapu viwili vilivyofunikwa, kila kimoja kina mayai 100. Katika kimoja mna mayai ya kanga, katika kingine mayai ya bata. Hujaona hata yai moja. Lakini ukivipima vikapu katika mizani, ukaondoa uzito wa vikapu vyenyewe, utajua yai la bata lazidi yai la kanga mara ngapi. Avogadro alifanya hivyo kwa gesi. Chombo cha oksijeni ni kizito karibu mara 16 kuliko chombo cha haidrojeni. Basi kila chembe ya oksijeni ni nzito karibu mara 16 kuliko chembe ya haidrojeni. Kwa mizani tu mtu aliweza kulinganisha vitu asivyoviona.

Mtu angedhani kwamba wataalamu walifurahi. Hawakufurahi. Wengi hawakusoma, na waliosoma hawakukubali. Mkubwa wao katika Uingereza alikuwa John Dalton, mwalimu wa Manchester. Ndiye aliyewafundisha watu wa wakati ule habari za atomu. Dalton alishika kwamba chembe za namna moja husukumana, haziwezi kushikana. Kwake yeye maji yalikuwa haidrojeni moja na oksijeni moja, basi. Katika Uswidi alikuwako Berzelius, fundi mkubwa wa kupima vitu. Naye alifundisha kwamba chembe hushikana kwa sababu umeme wao ni kinyume. Chembe mbili zilizo sawa zingeshikanaje? Watu hawa hawakuwa wajinga. Kila mmoja alifanya kazi kubwa, na majina yao yapo vitabuni hata leo. Lakini katika jambo hili walikosea wote wawili, na kwa kuwa walikuwa wakubwa, wengine waliwafuata.

Hata hivyo kosa halikuwa la wengine tu. Maandiko ya Avogadro yalikuwa mazito kusoma. Hakufanya majaribio mengi ya kuthibitisha neno lake, wala hakusafiri kwenda Paris au London kujieleza mbele ya watu. Mwaka 1814 Mfaransa Ampère alitoa fikira iliyofanana na yake, naye pia hakusikilizwa.

Mwaka 1820 Avogadro alipewa kazi ya heshima, kufundisha fizikia ya hesabu katika chuo kikuu cha Torino. Hakuifurahia muda mrefu. Mwaka 1821 watu wa nchi ile walimwasi mfalme wakitaka sheria mpya. Uasi ukazimwa kwa nguvu, chuo kikafungwa, na baada ya muda mfupi Avogadro akapoteza nafasi yake. Mtu wa miaka zaidi ya 40, mwenye mke na watoto, akarudi katika kazi ya sheria aliyoiacha zamani. Ilipita miaka zaidi ya kumi kabla hajarudishiwa nafasi yake, mwaka 1834. Tangu hapo alifundisha mpaka mwaka 1850. Kati ya mwaka 1837 na 1841 alitoa kitabu kikubwa cha fizikia katika mabuku manne. Alifanya pia kazi za serikali juu ya vipimo na mizani, akasaidia kuingiza katika nchi yake vipimo vya mita na kilo, vipimo vile vile vitumikavyo leo sokoni Kolwezi.

Avogadro alikufa Torino tarehe 9 Julai 1856, akiwa karibu kutimiza miaka 80. Fikira yake ya mwaka 1811 ilikuwa imelala miaka 45.

Na katika miaka ile kemia ilikuwa vurugu tupu. Kila mwalimu alikuwa na uzito wake wa atomu. Tazama shaba yenyewe: wengine waliandika kwamba atomu ya shaba ni nzito mara 32 kuliko haidrojeni, wengine waliandika 63. Maji yaliandikwa kwa namna mbili au zaidi. Asidi iliyomo katika siki iliandikwa na wataalamu mbalimbali kwa namna 19! Mwanafunzi aliyehama chuo kimoja kwenda kingine alikuta kemia nyingine.

Mtu aliyeondoa vurugu hii alikuwa Stanislao Cannizzaro, mtoto wa Palermo katika kisiwa cha Sicilia. Alipokuwa kijana alishiriki katika uasi wa mwaka 1848, na uasi uliposhindwa akakimbilia Ufaransa. Baadaye akawa mwalimu Genova. Yeye aliyasoma maandiko ya Avogadro, akaona kwamba ufunguo uko pale. Mwaka 1858 akaandika kijitabu kifupi kwa ajili ya mafunzo ya wanafunzi wake, akaonyesha hatua kwa hatua jinsi ya kupata uzito wa kila atomu kwa kuifuata fikira ile. Hakuandika kwa maneno magumu. Aliandika kama mwalimu.

Mwezi wa Septemba 1860 wataalamu wa kemia zaidi ya 120 walikutana mjini Karlsruhe, Ujerumani, ili wapatane. Walibishana siku tatu. Cannizzaro akasimama akamtetea Avogadro kwa nguvu, lakini mkutano haukukata shauri. Watu walipokuwa wakiondoka, rafiki yake mmoja, Pavesi, akawagawia kile kijitabu. Mjerumani Lothar Meyer alikipokea, akakisoma baadaye kwa utulivu, na mashaka yake yote yakaondoka. Katika mkutano ule alikuwamo pia kijana wa Urusi wa miaka 26, Dmitri Mendeleev. Alirudi kwao na uzito wa kweli wa atomu, na mwaka 1869 akazipanga namna zote za atomu zilizojulikana katika jedwali moja. Jedwali hilo, likiwa limeongezwa, hutundikwa ukutani katika vyumba vya kemia hata leo. Shaba imo, na uzito wake ni 63 na nusu. Kobalti nayo imo, karibu 59.

Lilibaki swali la mtoto wetu: ni ngapi?

Avogadro hakulijibu. Alijua kwamba hesabu za vyombo viwili ni sawa, lakini hakujua ni hesabu gani. Mwaka 1865 Josef Loschmidt, mwalimu wa Vienna, alikuwa wa kwanza kukisia ukubwa wa molekuli za hewa. Aliyepiga hatua kubwa zaidi ni Mfaransa Jean Perrin. Huyu alichukua utomvu wa mti, akautengeneza kuwa punje ndogo sana, akazitia katika tone la maji, akazitazama kwa hadubini. Punje zilikuwa nyingi chini na chache juu, kama vile hewa ilivyo nyingi bondeni na chache juu ya mlima mrefu. Perrin akazihesabu kwa subira, kina baada ya kina, punje maelfu kwa maelfu. Kwa kulinganisha punje na chembe za hewa akaipata ile hesabu. Akaitafuta kwa njia nyingine tena, na kila njia ilimpa jibu karibu lile lile. Mwaka 1909 akatoa shauri kwamba hesabu hiyo iitwe kwa jina la Avogadro. Mwaka 1926 akapewa zawadi ya Nobel.

Hesabu yenyewe ni hii: 602 214 076 000 000 000 000 000. Kama vile mayai 12 huitwa dazani, chembe za hesabu hii huitwa moli moja. Mpaka juzi juzi wataalamu waliendelea kuipima ili waijue barabara zaidi. Tangu tarehe 20 Mei 2019 imefungwa kwa mapatano ya mataifa, haitabadilika tena.

Ukubwa wa hesabu hii wapita akili. Moli moja ya shaba ni gramu 63 na nusu tu, kipande chenye pande za karibu sentimita 2. Tuseme watu wote wa dunia, milioni elfu nane, wamekaa kuhesabu chembe za kipande hicho. Kila mtu ahesabu chembe moja kwa kila sekunde, usiku na mchana, asilale wala asile. Kazi ingechukua zaidi ya miaka milioni mbili.

Lakini hakuna haja ya kukaa. Mwenye duka auzaye misumari hahesabu mmoja mmoja. Akijua kwamba misumari 100 ina uzito wa nusu kilo, apima kilo 5, naye ana misumari 1000. Mtu wa kemia afanya vile vile. Apima gramu 63 na nusu za shaba, naye ana moli moja.

Hivi ndivyo ipigwavyo hesabu ya malakiti. Kila chembe yake ina atomu 2 za shaba, pamoja na kaboni, oksijeni na haidrojeni. Jumla ya uzito ni 221, na katika huo shaba ni 127. Basi kilo 221 za malakiti safi zina kilo 127 za shaba, si zaidi. Mawe yatokayo mgodini huchanganyika na udongo na mawe mengine, kwa hiyo mpimaji hutafuta kwanza malakiti ni kiasi gani. Tena, ili kuyeyusha kilo 221 hizo zahitajika kilo 196 za asidi kali ya kiberiti. Asidi ikipungua, shaba itabaki katika mawe na kutupwa. Ikizidi, fedha yapotea, na maji yatokayo ni hatari kwa mito na samaki. Hesabu hii hupigwa kwanza, kabla ya kumimina hata tone moja.

Mwaka 1960 kiwanda cha Luilu, karibu na Kolwezi, kilianza kazi ya namna hii. Mawe yalisagwa, yakayeyushwa katika asidi, na maji yenye shaba, ya rangi ya buluu, yakapelekwa katika mabirika marefu. Humo kulipitishwa umeme. Ndani ya birika kila chembe ya shaba huchukua chembe mbili za umeme, ziitwazo elektroni, nayo huacha maji na kugandama juu ya bamba. Ili kupata moli moja ya shaba zatakiwa moli mbili za elektroni, na mtu ajuaye nguvu ya umeme na saa zilizopita aweza kusema bamba limeongezeka gramu ngapi, hata kabla halijatolewa majini.